"Taa Hiyo Haina Shida"

Mwenzetu mmoja hapa Mbezi Mwisho ni muuguzi. Akitoka zamu ya usiku anaendesha mwenyewe kurudi nyumbani, macho mazito, na saa hizo Barabara ya Morogoro imejaa watoto wa shule wanaovuka. Siku moja pale Kimara, mtoto wa darasa la pili au la tatu alichomoka mbele ya daladala lililosimama kushusha abiria. Muuguzi hakumwona. Gari ndilo lililomwona. Anasema alisikia mlio mkali mfululizo, maandishi mekundu ya Kijapani yakatokea kwenye dashibodi, na kabla mguu wake haujafika kwenye pedali breki zilikuwa zimeshakamata. Mkoba uliokuwa kiti cha pembeni uliruka ukamwaga kila kitu sakafuni. Mtoto akamaliza kuvuka, akageuka mara moja kumtazama, begi lake la mgongoni likining'inia kwa mkanda mmoja, kisha akaenda zake.

Yeye mwenyewe alikuwa hajui kwamba gari lake lina kitu hicho. Aliyemuuzia alimwambia ni fulu opsheni, akamwonyesha rimu, kamera ya nyuma na kitufe cha kuwashia injini. Hakuna aliyemwambia kwamba juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, kuna jicho linaloangalia barabara muda wote.

Miezi michache baadaye akienda msibani Morogoro, kokoto iliyoruka kutoka kwenye tairi la lori ilimpasulia kioo cha mbele. Akanunua kingine, fundi akakifunga siku hiyohiyo. Kamera ikabanduliwa kutoka kioo cha zamani ikabandikwa kwenye kipya kwa kukadiria kwa macho. Alipowasha gari ikawaka taa ya njano ambayo haikuwahi kuwaka. Akauliza. Fundi akamjibu kwa upole kabisa, "Sista, taa hiyo haina shida. Hayo mambo ya Wajapani, huku hayatumiki."

Basi hilo neno, *haina shida*, ndilo lililotukusanya sisi wenye magari madogo wa mtaa huu kulalamika, kwa sababu kila mmoja wetu ameshaambiwa. Mwenye taa ya eabegi kaambiwa haina shida. Mwenye taa ya ABS kachomolewa fyuzi ili isimsumbue. Mwingine alinunua gari ambalo taa zote zimetulia kabisa, likapendeza, mpaka siku fundi umeme mwaminifu alipofungua usukani akakuta mfuko wa hewa haumo: limebaki ganda lake la plastiki, na ndani kimechomekwa kifaa kidogo cha umeme cha kuidanganya kompyuta kwamba mfuko upo. Gari lile lilikuwa limewahi kugongwa, mifuko ikafumuka, na mtu akaona ni nafuu kuzima taa kuliko kurudisha uhai wa dereva atakayefuata. Mwenzetu huyo alikuwa amempakia mama yake mzazi kwenye gari hilo mwaka mzima.

Tunasikia watu wakibishana kama hivi vifaa vya kumsaidia dereva vina maana yoyote. Breki zinazojikamata zenyewe, mlio wa kukuonya umetoka kwenye mstari, kamera za nyuma, sensa za kuona pikipiki iliyo pembeni usikoiona. Sisi tunaona mjadala huo kwetu umeanzia mahali pasipo pake. Vitu hivi tumeshavilipia. Vimo kwenye bei ya gari kule mnadani Japani, na ushuru wa bandarini ulihesabiwa kwa gari zima, hatukupunguziwa kwa sababu kamera haifanyi kazi. Swali letu ni nani ameviua, na kwa nini hakuna anayeona haya kutukabidhi gari lenye breki iliyokufa huku akiliita fulu.

Wala haya si mambo mapya. Subaru walitoa mfumo wao wa EyeSight huko Japani mwaka 2008, kamera mbili zinazotazama mbele kama macho ya mtu. Ule wa mwaka 2010 uliweza kusimamisha gari lenyewe endapo tofauti ya kasi na kilicho mbele haizidi kilomita 30 kwa saa, na uliotoka mwaka 2014 ukafikia 50. Toyota nao wakaanza kuweka Toyota Safety Sense kwenye magari yao mwaka 2015. Hayo ndiyo magari yanayoshushwa Dar es Salaam sasa hivi. Wenzetu wa Kenya hawaruhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo karibu kila linaloshuka Mombasa ni la enzi hizi za vifaa hivi. Na tangu Novemba 2021 Japani imelazimisha kila modeli mpya ya gari dogo linalotengenezwa huko iwe na breki ya kujikamata. Baada ya miaka michache hatutakuwa na gari la kuagiza lisilo nayo. Kwa hiyo anayesema "huku hayatumiki" anatuandalia jiji lililojaa magari yenye taa za njano.

Tuseme ukweli wote, maana miongoni mwetu wapo wanaopinga. Dereva mmoja wa teksi ya mtandao, kijana makini, anasema amezima kila kitu kinachozimika. Hoja yake tumeiona kwa macho yetu. Ukiwa kwenye foleni ya Ubungo bodaboda anakuchomekea mbele ya bampa, gari linadhani unamgonga, linakamata breki ghafla, na nyuma yako kuna daladala lililokuganda nusu mita. Amegongwa hivyo mara moja. Mlio wa mistari nao anasema ni kero tupu: barabara za mitaani hazina mistari kabisa, na kwenye barabara kuu mstari ukifutika unaweza kukaa miaka. Gari linatafuta mstari, halioni, linanyamaza. Au linaona alama ya lami iliyozibwa na kudhani ndiyo mstari, linaanza kukuvutia usukani kuelekea shimoni.

Kwenye mlio wa mistari tunakubaliana naye. Kwa barabara tulizonazo, azime tu, hana anachokosa. Lakini breki ni jambo jingine, na hapo tumebishana naye mpaka chai ikapoa. Ukiwa kwenye kasi ya kilomita 50 kwa saa, ile inayoruhusiwa mjini, gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Nusu sekunde ya kuzubaa ni mita 7. Mita 7 ni karibu upana mzima wa barabara ya kawaida ya njia mbili. Mashine haichoki, haijatoka zamu ya usiku, haijapokea simu ya mtoto anaumwa. Ile taasisi ya bima ya Marekani inayopima usalama wa magari, IIHS, ililinganisha magari yenye breki hizi na yale yasiyo nazo, ikakuta yenye nazo yanawagonga wenzao kwa nyuma mara chache kwa takriban nusu. Nusu si jambo dogo. Na yule aliyemgonga kijana wetu kwa nyuma pale Ubungo, lau gari lake lingekuwa na breki hiyo nayo iko hai, huenda asingemgonga.

Tena kinga hii si yetu peke yetu tulio ndani ya gari. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Kwetu hao ndio wengi barabarani: mama muuza mihogo, mwanafunzi, dereva wa boda na abiria wake asiye na kofia. Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kibaha sasa ni njia 8. Mtoto anayeivuka ile ni sawa na kuvuka uwanja. Yeye hakununua gari, hakuona tangazo, hajui EyeSight ni nini, lakini uhai wake unategemea kama kamera ya gari linalomjia imefungwa sawasawa au imebandikwa kwa kukadiria.

Na kukadiria hapa ndiko kunakoua. Mtu aliyesoma mambo haya alitueleza, nasi tukakaa na kalamu tukapiga hesabu wenyewe. Kamera ikipinda nyuzi 1 tu ya pembe, kiasi ambacho jicho haliwezi kukitambua, basi mita 50 mbele inakuwa imekosea kwa karibu sentimita 90. Hizo sentimita 90 zinamhamisha mtu kutoka pembezoni kumweka mbele ya gari, au zinamwondoa aliye mbele ya gari kumweka pembezoni. Ndiyo maana kila kioo kinapobadilishwa kamera inatakiwa ipimwe upya. Gari linawekwa kwenye sakafu iliyonyooka kabisa, ubao wenye michoro maalumu unasimamishwa mbele yake kwa umbali uliopimwa, na kompyuta inaifundisha kamera upya wapi ndipo katikati. Kwenye magari ambayo rada yake imefichwa nyuma ya nembo ya mbele, mambo ni hayohayo: ukibadilisha nembo kwa kuwa ya zamani imeibwa, au ukafunga ngao ya chuma mbele ya bampa, umeifumba rada macho.

Mafundi wetu hatuwachukii. Hawa ndio wanaotufufulia magari saa 4 usiku kwa tochi ya simu. Wengi wamejifunza kwa kushikilia spana za wakubwa wao chini ya mwembe, na hakuna aliyewahi kuwaletea ule ubao wala kuwamwagia sakafu iliyonyooka. Kinachotuumiza ni kwamba kutojua kumegeuzwa kuwa jibu. Fundi akisema "hii siijui, mtafute anayeijua," tutamheshimu maradufu. Akisema haina shida, tunaondoka na imani, tunapakia watoto.

Na sisi wanunuzi tunalo letu la kukiri. Tukienda yadi tunauliza ulaji wa mafuta, spea zinapatikana, eisi inapiga, ni namba D au namba E. Nani kati yetu amewahi kuuliza breki ya kujikamata iko hai? Nani ameomba kuoneshwa karatasi ya mnadani aone kama gari limeandikwa R, ile herufi inayoonyesha limewahi kugongwa likatengenezwa? Tulipoanza kuuliza majirani mmoja mmoja tukagundua wengi hata kijitabu cha gari hawajakifungua, kwa kuwa ni cha Kijapani mwanzo hadi mwisho. Kila asubuhi tunawasha gari, sauti ya dada wa Kijapani inatuambia jambo, nasi tunaendelea na safari. Kwenye magari mengi anachosema ni kwamba kadi ya kulipia barabara za haraka za kwao haijachomekwa, jambo lisilotuhusu. Lakini tumezoea kutomsikiliza, na siku akituambia kuna hitilafu kwenye breki tutamwitikia vilevile, kwa kuongeza sauti ya redio.

Kutoijua lugha hiyo ya Kijapani kulituletea hofu kubwa zaidi tulipofika kwenye habari za Takata. Hii ilikuwa kampuni ya Japani iliyotengeneza eabegi kwa viwanda vingi vya magari. Kemikali waliyotumia kuijaza mifuko, amoniamu naitreti, inaharibika taratibu ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu. Ikishaharibika, siku ya ajali mfuko haufumuki kwa kipimo: unalipuka, unapasua kopo lake la chuma, na vipande vinamrukia dereva usoni na shingoni. Watu wamekufa kwa ajali ndogo ambazo zisingemuua mtu. Vifaa hivyo takriban milioni 100 vimeitwa virudishwe viwandani duniani kote, na kampuni yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Waliotajwa kuwa hatarini zaidi ni wanaoishi kwenye joto na unyevu. Sisi tunaishi Dar es Salaam. Magari mengi ya miaka ya 2000 na mwanzoni mwa 2010 yanayotembea hapa ni ya viwanda hivyohivyo, na barua ya kuliita gari lirudi kubadilishiwa mfuko ilitumwa kwa mwenye gari wa kwanza, Osaka au Nagoya, mtu ambaye huenda alishaliuza zamani. Barua haikupanda meli pamoja na gari.

Sasa mtu anaweza kusema: mnaona, hata hivyo vifaa vyenu vya usalama vinaua. Hapana. Mfuko mzima unaokoa, mbovu unaua, na tofauti yake inajulikana kwa namba ya chesisi. Namba hiyo ipo kwenye kadi ya gari, ipo kwenye mfumo wa usajili, ipo kwa wakala wa bima. Gari linakaguliwa kabla ya kupewa namba ya hapa. Kwa nini siku hiyohiyo namba ya chesisi isilinganishwe na orodha za viwanda, mwenye gari akaambiwa kwa Kiswahili kwamba eabegi ya kushoto ni ya kubadilishwa? Hatuombi makubwa hapo.

Barabarani pia tunasimamishwa kila siku. Trafiki anaomba leseni, anauliza mtungi wa kuzimia moto, anauliza pembetatu, anatazama tairi na waipa. Hatupingi, mtungi ni muhimu, na tukizidisha spidi tukapigwa tochi tunalipa elfu 30 zetu. Lakini miaka yote hii hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuinamiwa dirishani akaambiwa, "Mama, taa yako ya eabegi inawaka, umelipeleka wapi gari hili?" Ungekuwa ukaguzi rahisi kuliko wote. Unawasha swichi, taa za eabegi na ABS zinawaka kwa sekunde chache kisha zinazima. Isiyozima ina ugonjwa. Isiyowaka kabisa ndiyo mbaya zaidi, maana hapo huenda kuna mtu aliyeitoa.

Yule dereva wa teksi alituuliza swali moja ambalo hatukuwa na jibu la haraka. Alisema, haya, tuseme vyote vimetengenezwa, je, watu hawatazembea? Mtu akijua gari linasimama lenyewe si atachati vizuri zaidi? Tulinyamaza, kwa sababu tunamfahamu anayeendesha huku akituma sauti kwenye simu, na wengine tulijitazama wenyewe. Ni kweli, hii mifumo haiendeshi gari. Usiku kwenye giza la barabara zisizo na taa kamera inaona kwa shida kama sisi. Ukija kilomita 100 kwa saa ukakuta tela limeharibika katikati ya barabara huko Mikumi, limewekewa matawi ya miti badala ya pembetatu, kamera ya mwaka 2012 haitakuokoa. Mvua kubwa inaipofusha, vumbi la Goba linaipofusha, stika iliyobandikwa mbele yake inaipofusha. Anayeitegemea kama dereva wa pili atajuta. Ila muuguzi wetu hakuwa akichati. Alikuwa amesimama kwa saa 12 wodini, akasinzia kidogo tu kwa macho yaliyo wazi, na hapo ndipo breki hiyo ilipohitajika.

Ndiyo maana jibu letu kwa wanaouliza kama inafaa ni kwamba inafaa, hasa breki na kamera ya nyuma. Tuna jirani anayerudisha gari nyuma kwenye uwanja wenye wajukuu wanaocheza. Kamera ya nyuma iliyochafuka aliisafisha kwa kitambaa siku moja tu baada ya kusikia habari ya Kimara, na tangu hapo anaisafisha kila asubuhi. Hilo ni bure, na wengi wetu hatukuwa tukilifanya.

Muuguzi naye ametafuta. Amempata mtu mwenye mashine na ule ubao, upande wa pili wa jiji, na bei aliyotajiwa ni kubwa kuliko ya kioo chenyewe. Ameiweka kwenye mpango wa mchezo wa wanawake wenzake wa wodini, zamu yake ya kupokea ni Novemba. Mpaka hapo taa ya njano inawaka. Akifika Kimara asubuhi anafungua dirisha apate hewa, anashusha hadi 30, anaweka mguu juu ya breki kabla hata ya kuona kivuko, na magari ya nyuma yanampigia honi.